Ugali wa Jumapili

Katika soko la Migori, upande wa nafaka, kila mtu aliijua gorogoro ya Helen. Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili, rangi imeng'oka yote, na kwa miaka kumi na moja lilikuwa limepima mahindi bila kumpunja mtu. Helen alilijaza, akalitikisa, akalijaza tena, kisha akarundika kilima juu. Wanawake wa Oruba na Ombo walizipita meza sita za wauzaji wengine wakaja kwake. Sifa hiyo aliipenda kuliko kanga mpya, na mara nyingine aliwatazama majirani zake kwa jicho la mtu aliyekwisha kuhifadhiwa kiti mbinguni.

Kisha ukaja mwaka ule ambao pesa iliwakimbia watu. Redioni walisema uchumi umeanza kusimama. Labda ulisimama huko Nairobi, maana Migori haukuonekana hata ukitambaa. Aliyezoea kununua debe alinunua gorogoro tatu, wa tatu akanunua moja, wa moja akauliza kwa aibu kama kuna nusu. Ng'ambo ya barabara Noordin, muuza vitambaa, aliwaachisha kazi vijana wake wawili, akabaki dukani na binti yake Fardowsa wakiangaliana. Fundi wa cherehani aliyekaa kwenye baraza yake, ambaye kila Novemba hukataa kazi kwa wingi wa magauni ya Krismasi, sasa alikuwa akibana suruali kuukuu za watu waliokonda.

Nyumbani kwa Helen hali ilikuwa vivyo hivyo. Mumewe Willis alikuwa fundi wa mawe, na tangu Juni hakuna aliyejenga hata choo. Asubuhi alivaa viatu vyake vya kazi, akaenda kukaa pasipo na kazi, akarudi saa saba akiwa amechoka kuliko siku alizofanya kazi. Walimpigia simu mama yake huko Sori kumwambia kwamba Krismasi hii hawatakuja. Mama mkwe alisema si neno, akakata simu kabla ya kuaga.

Dawa ya biashara mbaya ilijulikana soko zima. Unaligeuza kopo, unaligonga kitako kwa mchi mpaka kiingie ndani. Mnunuzi huangalia mdomo wa kopo, haangalii chini. Gunia linalotoa gorogoro arobaini hutoa arobaini na nne, na zile nne ndizo chakula cha watoto wako. Wote walikuwa wameshagonga isipokuwa Helen.

"Nyar Rodi, wewe endelea kuuza utakatifu," alimtania Mama Byron wa meza ya pili. Alimwita hivyo, binti wa Rodi, kwa sababu Helen alizaliwa Rodi Kopany. "Ukishaiva utuletee kidogo tuonje."

Helen alicheka. Jioni hiyo hakucheka. Ugali ulikuwa mdogo, na Terry, binti yake wa miaka kumi na mbili, alisukuma sahani kwa mdogo wake akisema, "Nimeshiba, Mama. Mpe Oyaro." Kisha alikwenda pembeni akanywa maji vikombe viwili mfululizo, amesimama, akidhani hakuna anayemwona. Mama yake alimwona.

Kesho yake mchana, nyumba ikiwa tupu, Helen aliligeuza kopo juu ya jiwe la kusagia. Aligonga mara moja, akangoja kusikia kama kuna jirani anayekuja. Hakuja mtu. Aligonga mara nne zaidi, kitako kikaingia ndani. Wiki hiyo watoto wake walikula ugali hadi Terry akaacha kudanganya. Nami sitamsingizia Helen majuto ambayo hakuwa nayo bado: alilala vizuri, na Jumapili aliimba kanisani.

Mteja wake wa siku nyingi kuliko wote alikuwa Priscilla, mjane wa Oruba, mwanamke wa utaratibu. Kila Jumatatu alinunua gorogoro tatu, akapeleka kusaga, na unga ukamfikisha Jumatatu nyingine bila kuzidi wala kupungua. Nyumbani kwake walikuwa watano: yeye, wajukuu wawili, watoto wa binti yake marehemu, mwanawe Sammy na mke wa Sammy, Liz. Sammy alikuwa mhudumu wa hoteli moja ya ufukweni Homa Bay. Likizo ya Agosti ilipopita bila mgeni hata mmoja wa kulala, hoteli iliwafukuza kazi nusu ya watu wake, na Sammy akamleta mkewe kwa mama. Liz hakuwa amepewa meko yake mwenyewe. Kwa desturi ya Waluo, mke wa namna hiyo hupika kwenye jiko la mama mkwe, kwa unga wa mama mkwe, na akichukua hata kikombe kimoja kisirisiri kupeleka kwao, hilo si kosa dogo. Ndoa huvunjika kwa jambo hilo.

Jumapili ya kwanza baada ya Helen kugonga kopo, unga wa Priscilla uliisha mchana, na usiku watu watano walilalia chai ya rangi. Priscilla alifikiri labda mkono wa mpishi ulizidisha. Jumapili ya pili, unga ukaisha tena mchana. Ya tatu, ya nne, ya tano. Ulikosekana ugali mmoja tu kila wiki, na mama huyu mwenye utaratibu akaanza kutafuta mwizi wa ugali mmoja.

Helen aliyasikia Jumatatu moja katikati ya Desemba. Priscilla alifika sokoni mapema. Nyuma yake alikuwa Liz, msichana mrefu, macho mekundu, ameshika mfuko wa nguo mkono mmoja na mfuko mtupu wa mahindi mkono wa pili.

"Nyar Rodi, nipimie hapa, mbele ya huyu," Priscilla alisema kwa sauti ya kusikika na meza zote. "Nimemwambia unga wangu unapungua tangu kaka yake aanze kupita kwangu akienda kazini. Yeye ananiambia eti labda kipimo ndio kimepungua. Kipimo cha nani? Cha Helen!"

Wanawake waliguna. Mama Byron aligeuka ghafla akaanza kupanga maharage yaliyokuwa yamepangika.

"Sikumaanisha kumtusi mtu, Mama," Liz alisema. "Niliuliza tu. Nimeapa kwa Mungu sijachukua."

"Pima," Priscilla alimwambia Helen.

Hapo ndipo Helen angeweza kusema ukweli. Maneno yenyewe ni machache, mtoto anaweza kuyasema. Lakini wanawake kumi walikuwa wakimtazama, gunia lilikuwa nusu, Willis alikuwa amekaa mahali na viatu vyake safi, na Helen akaona meza yake ikiwa tupu kesho na Terry akinywa maji amesimama. Alijaza kopo. Alilitikisa. Kwa woga akarundika kilima kikubwa kuliko siku zote, mpaka mahindi yakamwagika mezani.

"Umeona?" Priscilla alimgeukia Liz. "Umeona? Anaongeza hata! Mtu kama huyu ndiye unataka kumpaka matope?"

Liz alishika mdomo wa mfuko mahindi yalipomiminwa, gorogoro ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakulitazama kopo. Alimtazama Helen usoni, na Helen akatazama mahindi. Kisha msichana alimkabidhi mama mkwe mfuko, akachukua nguo zake, akaenda stendi kutafuta gari la kumpeleka kwao Asumbi.

Siku hiyo Helen hakuweza kula. Alipofika nyumbani alichukua mchi ule ule, akauingiza ndani ya kopo, akakigonga kitako kutoka upande wa pili ili kirudi chini. Kilirudi, lakini bati lilikuwa limechoka na likapasuka penye mkunjo, ufa wa urefu wa kidole. Aliuziba kwa sabuni. Kuanzia kesho yake alipima sawasawa kama zamani, akijiambia kwamba mambo yatajirekebisha polepole. Huu ndio ulikuwa ujinga wake mkubwa. Alikuwa ameurekebisha ushahidi, si kosa.

Jumatatu iliyofuata Priscilla alikuja akiwa mtulivu. "Tangu aondoke, unga umetosha," alisema. "Hata umebaki kidogo. Sasa nani atasema nilimwonea?"

Helen alitaka kumwambia kwamba mdomo mmoja ulikuwa umepungua nyumbani, ndiyo maana unga ulitosha. Badala yake akajaza kopo. Nyuma ya mama yake alisimama Sammy, ametumwa kubeba mzigo. Alikuwa amevaa shati jeupe la hoteli ambayo haikumtaka tena, na alionekana hajalala siku nyingi. Hakusalimia mtu.

Kesho yake, mkesha wa Krismasi, Helen aliacha meza yake asubuhi, akachukua kopo na mchi, akatembea hadi Oruba. Alimkuta Priscilla uani akichambua mboga. Alikataa kiti, akasema yote akiwa amesimama.

Priscilla alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Sammy amekutuma."

"Hapana, Mama."

"Sammy amekulilia, na wewe una roho nzuri. Unabeba kosa la yule msichana ili arudi." Alilichukua kopo, akaligeuza. "Hili hapa. Kitako kimenyooka. Hili kopo nimelijua kabla Terry wako hajaanza kutembea, Nyar Rodi. Nenda nyumbani, nyathina, mwanangu. Krismasi njema."

Ndipo Helen alipopandwa na kichaa. Alikuwa amekuja kulivua jina lake zuri kama nguo, na jina likakataa kupita kichwani. Alimpokonya mama mzima kopo mikononi, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani, akaliweka juu ya jiwe na kuligonga, machozi yakimtoka, mara tano kama siku ile. Sabuni iliruka. Bati lilijikunja penye mikunjo yake ya zamani, likaingia bila shida, maana lilikuwa limeshaijua njia.

"Ingiza mkono, Mama," alisema. "Tafadhali ingiza mkono."

Priscilla aliingiza mkono ndani ya kopo. Vidole vyake viligusa kitako mapema kuliko vilivyozoea, akavitoa, akaviingiza tena. Alikaa chini kwenye vumbi, yeye asiyekaa bila mkeka.

"Nilimwita mwizi mbele ya soko," alisema baadaye. "Mbele ya mume wake. Na wewe ulikuwa unanipimia."

"Ndiyo, Mama."

"Uliweka hata kilima."

Helen aliuweka mchi chini.

Keshokutwa yake walikwenda Asumbi pamoja, Priscilla na Helen. Babake Liz aliwasikiliza uani na hakuwakaribisha kiti wala maji. Helen alirudia maneno yake mara mbili, kwa sababu mzee alitaka mke wake pia ayasikie. Liz alikuwa ndani. Mlango ulikuwa wazi na kivuli chake kilionekana sakafuni. Hakutoka. Mzee alisema wamesikia, waende, na jibu litatoka kwa binti mwenyewe.

Habari ilifika sokoni kabla ya Mwaka Mpya. Helen alikuwa amenunua kopo jipya, linalong'aa, kitako kimenyooka kabisa, na alilipindua mezani ili kila mtu aone. Hakuna aliyetaka kuona. Wanawake wa Oruba na Ombo waliipita meza yake wakaenda kwa Mama Byron, ambaye kopo lake lilikuwa na shimo kitakoni la kutosha kulalia paka, lakini hakuna aliyemsikia Mama Byron akikiri jambo lolote. Helen aliyaona hayo kila siku na hakufungua mdomo. Nani angemwamini? Terry alianza tena kusema ameshiba. Januari ilikuja na mahitaji yake ya shule, na Willis akauza viatu vya kazi.

Jumatatu ya pili ya Januari, jua likiwa limeshapanda, mtu alisimama mbele ya meza. Helen aliinua uso. Alikuwa Liz.

"Nimerudi," Liz alisema kabla hajaulizwa. "Nimepewa meko yangu. Nilisema bila hivyo sirudi." Aliweka mfuko mdogo mezani. "Nataka gorogoro moja."

Helen alinyoosha mkono kulichukua kopo, lakini Liz alilichukua kwanza. Aliingiza mkono ndani, akakipapasa kitako taratibu, pembe zote, huku soko zima likimwangalia. Kisha akamrudishia.

"Pima."

Helen alijaza. Alitikisa, akajaza tena. Kwa mazoea, au kwa shukrani, au kwa aibu, akaweka kilima juu.

Liz alipitisha kiganja juu ya mdomo wa kopo, akayasukuma yaliyozidi yote yakarudi guniani.

"Kamili tu," alisema, akafungua mfuko.