Hoja ya Miaka Mitatu

Mtu anayetafuta wakili wa talaka huona haya kuliko anayetafuta mganga. Asubuhi ile Clement alipita mara mbili mbele ya ngazi za ofisi ya Wakili Ambokile, akijifanya anaulizia mahali pa kutoa fotokopi, na fotokopi pale Mwanjelwa, Mbeya, zimejaa kila kona. Mara ya tatu akapanda. Mawakili wa karibu na nyumbani kwake Iyunga alikuwa amewakwepa wote. Mmoja alikuwa mzee wa kanisa lao la Kilutheri, na mke wa mwingine aliwahi kuimba kwaya moja na Eveline, mke wa Clement, ambaye ndiye alikuwa anatafutiwa talaka bila kujua. Kwa Ambokile alielekezwa na Peter, muuza vipuri mwenzake, aliyeachana na mkewe mwaka juzi.

"Huyo haulizi mengi," Peter alimwambia. Peter naye! Ambokile aliuliza kila kitu.

"Mkeo ana kosa gani?"

Clement akatazama kalenda ya ukutani.

"Anakunywa? Ana mkono mwepesi? Ana mwanaume wa nje?"

"Hapana."

"Na wewe je, una mwanamke?"

Clement akarudisha macho kwenye kalenda. Anjela alikuwa na mimba ya miezi mitano, na baba yake alishatuma ujumbe usio na maneno mengi: ndoa ya kanisani kabla mtoto hajazaliwa.

"Mficha uchi hazai, bwana," wakili akasema. "Mimi si mchungaji wako. Nataka kitu cha kuandika. Mnaishi pamoja?"

"Yeye yuko kwetu, Iringa. Kijijini."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu na miezi minne."

Hapo kalamu ikaanza kutembea. "Sasa ndiyo unaongea! Kutelekezwa miaka mitatu ni hoja nzito mahakamani. Aliondoka mwenyewe?"

Kweli yenyewe haikuwa ndefu. Mama yake Clement alipata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukafa ganzi, na Clement, mtoto pekee aliyebaki hai, akamwomba mkewe aende kumtunza kwa miezi sita, maana binti yao Matilda alikuwa shule ya bweni. Ni yeye aliyembebea godoro hadi stendi, na ni yeye aliyemkatia tiketi. Miezi sita ikazaa mingine. Kila Eveline alipopiga simu kuuliza anarudi lini, Clement alimjibu: vumilia kidogo, mama Matilda, natafuta msichana wa kazi. Hakutafuta msichana yeyote, isipokuwa huyo Anjela.

"Aliondoka," Clement akasema.

Roho ilimsuta papo hapo, lakini roho ya Clement ilikuwa na tabia ya kusuta kidogo kisha kuomba radhi kwa usumbufu.

Ambokile akamweleza utaratibu. Kwanza waende Baraza la Usuluhishi la kata. Baraza litamwita mke. Akifika, watazungumza, asipofika, baraza litaandika kwamba usuluhishi umeshindikana, nao wataingia mahakamani wakiwa kifua mbele. "Unadhani atafika?"

Clement alijua kwamba hawezi kufika. Mwanamke asiyeweza kumwacha mgonjwa hata kwenda mashineni kusaga mahindi, atafikaje Mbeya? Yaani kazi aliyompa yeye mwenyewe ndiyo ingemfungia mkewe mlango, kisha iitwe utoro. Aliuona ubaya huo waziwazi, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, akili timamu.

"Hafiki," akasema, akatia saini.

Baraza likaandika wito, akaambiwa aupeleke kwa mtendaji wa kijiji amkabidhi mkewe. Alisafiri Jumamosi. Lakini mtendaji alikuwa mtu aliyesoma naye darasa moja, na alipofikiria jamaa yule akiusoma, akaipita ofisi na kwenda moja kwa moja nyumbani.

Aliwakuta uani. Eveline alikuwa amempitisha mama mikono kwapani, anamwinua kutoka mkekani kumweka kitini, huku akihesabu, "Moja, mbili, haya!" Mama alikuwa akicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nguo zake zilikuwa safi, na nywele zimesukwa. Clement aliingiwa na aibu hadi masikio yakapata moto.

"Kamwene, baba Matilda!" Eveline akamsalimu. "Hata simu? Si ningekuchemshia viazi."

Alimpa karatasi kabla hajala, maana alijua akishakula hataweza. Eveline akaisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena.

"Nimekutelekeza," akasema.

"Hiyo ni lugha ya mawakili tu."

"Na wakili nani alimwambia?"

Njiani kote Clement alikuwa amejiandaa kwa machozi. Alikuwa na maneno ya kubembeleza tayari. Machozi hayakuja.

"Ana mimba?"

"Ndiyo."

Eveline akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokwisha kuisikia sokoni. "Jumatano, saa tatu. Nitafika."

"Na mama?"

"Wewe si upo?"

"Lakini mlalamikaji ni mimi, lazima nami niwe..."

"Basi tumwachie nani, baba Matilda? Kuku?"

Siku mbili alimfundisha: namna ya kumgeuza mama asipate vidonda, namna ya kumlisha uji asipaliwe, dawa ipi kabla ya chakula na ipi baada. Alifundisha bila kununa, na jambo hilo lilimuumiza Clement kuliko matusi. Jumanne alfajiri akavaa viatu vyake vya kanisani, akamuaga mama kwa kumshika shavu, akaondoka na mfuko mmoja.

Jumatano mama alijikojolea. Clement akaleta beseni na kitambaa, na kwa mara ya kwanza katika miaka ile yote akamwosha mama yake. Mama alifumba macho. Mkamwana alikwisha kumzoea, lakini mwanawe wa kumzaa alimwonea haya. Clement alitamani ardhi immeze. Simu ikalia mikono yake ikiwa ingali na maji.

"Bwana Clement? Mimi ni mwenyekiti wa baraza," ilisema sauti nzito ya mwanamke. "Nimekuweka spika, wajumbe wote wanakusikia. Mlalamikiwa yuko hapa tangu saa mbili. Wewe uko wapi?"

"Niko Iringa, kwa mama. Anaumwa."

"Umeandika kwamba mkeo alikutelekeza. Yeye anasema hafungui mdomo mpaka useme wewe. Haya, aliondokaje nyumbani?"

Njia ya mwongo ni fupi. Kwa wakili neno lile lilitoka jepesi. Hapa, ameshika kitambaa kile, lilikataa.

"Nilimpeleka mimi," akasema. "Nilimwomba aje amtunze mama. Nilisema miezi sita. Hajanikosea chochote."

Clement akashusha pumzi. Ameungama; akadhani, masikini, kwamba kuungama ndiyo kulipa. Hata akaanza kuwaza kwamba labda Eveline atalainika.

"Asante, mwenyekiti," sauti ya Eveline ikasikika, tulivu kabisa. "Hilo ndilo nililolifuata, jina langu lisafishwe. Sasa andika kwamba hatusuluhishiki. Talaka naitaka mimi. Na Iringa sirudi. Nakaa kwa dada yangu."

Alichokihangaikia miezi miwili alikuwa amepewa mkononi. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Eveline," akasema. "Na mama je?"

"Mama wa nani?" mwenyekiti akauliza, maana alitaka kuandika.

Clement alingoja Eveline ajibu.

"Wangu," akasema. Kitandani mama alikuwa amefumbua macho, anamtazama, na alikuwa amesikia kila neno la mwanawe.