Daktari Aliyefanywa Mkwe

Mwaka 1983, daktari wa kituo cha afya cha Ng'wakalima, katika eneo la Ushetu, wilayani Kahama, aliitwa kwenda kufanya kazi Botswana. Habari ilimfikia Mihayo, mwenyekiti wa kijiji, kabla daktari mwenyewe hajamaliza kuitafakari. Justina, muuguzi pekee, alikwisha kwenda Zimbabwe mwaka uliotangulia, na kijiji kilikuwa kimejifunza kuzisoma dalili: mtumishi anayeanza kugawa kuku wake ni mtu wa safari.

Mihayo alikuwa na hofu yake. Mkewe, Mama Paskalina, alikuwa na donda ndugu pajani. Daktari Otmar, kijana wa Kingoni kutoka Songea, alilisafisha kila wiki, na nyama mpya ilikwisha kuanza kuota. Akiondoka yeye, hospitali ya karibu ilikuwa mbali, Kahama mjini, na petroli zama zile ilisimuliwa zaidi kuliko kuonekana. Donda likiachwa, mguu ungekatwa.

Mja hutega, na kudra hutegua. Mihayo akatega. Paskalina, bintiye mkubwa, alikuwa amefikia umri wa kuolewa, na Otmar hakuwa kipofu. Mahari iliombwa ndogo hata wazee wa ukoo wakanong'ona. Ndoa ikafungwa kanisani, na Otmar akawajibu watu wa Botswana kwamba haendi.

"Mwenyekiti, ndege umemfunga uzi mguuni," wazee walimsifu.

"Serikali imeshindwa kuwazuia madaktari hawa," akajibu Mihayo. "Mimi nimetumia binti mmoja tu."

Jumatatu iliyofuata harusi, Otmar akachukua vifaa vyake, akaenda kusafisha donda. Mama Paskalina alipomwona anaingia uani, alijitupia kitenge kichwani na kukimbilia nyuma ya kihenge cha nafaka, kwa mguu ule ule mbovu.

"Mama Paskalina, daktari amekuja," Mihayo akaita.

"Daktari yupi? Aliyekuja ni mkwe wangu."

"Ni yule yule wa wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita alikuwa mtu baki. Leo nimfunulie paja mume wa mwanangu? Mama yako angefanya hivyo?"

Mama yake Mihayo asingefanya hivyo. Kwa Wasukuma wa rika lao, mkwe na mama wa mkewe hawatazamani usoni wala hawapishani njiani. Hayo Mihayo aliyajua tangu utoto. Alidhani tu kwamba maradhi hayana ukwe.

Ikabuniwa njia ya kati. Otmar akae nje ya ukuta, Paskalina asafishe ndani, na maneno yapitie kwake.

"Mwulize kama panauma ukibonyeza pembeni."

"Mama, panauma?"

"Mwambie mumeo sijambo."

"Anasema hajambo."

"Sikuuliza kama hajambo. Donda lina rangi gani?"

Paskalina akasogea ukutani: "Mama anasema rangi ya paja lake si salamu ya kumpelekea mkwe."

Donda halikuitambua adabu hiyo. Kabla ya mwezi kwisha, harufu yake ilifika uani. Otmar akasema nyama iliyooza lazima ikatwe, na haikatwi kwa kuelekezana ukutani. Tena balaa lilikuwa limeenea: wake wa ndugu za Mihayo nao walihesabiwa mama wakwe wa daktari, na ukoo wa Mihayo ulikuwa nusu ya kijiji. Wanawake walifika barazani mwa kituo, wakauliza ndani yumo nani, wakageuka. Mtu aliyezuiliwa asiende kutibu ugenini akawa anashinda akifukuza nzi.

Ikasemwa basi ndoa ivunjwe. Padri hakutaka hata kulisikia neno hilo. Paskalina naye akasema, "Mlinioza kwa ajili ya mguu. Mguu una mwenyewe, na mume ana mwenyewe." Mama yake akakata shauri: aliyekwisha kuwa mkwe haachi kuwa mkwe.

Mihayo akaenda kwa Otmar.

"Mwanangu, ile safari ya Botswana."

"Baba, nilikwisha kuwajibu kwamba siendi."

"Wajibu tena."

"Unamfukuza mkweo?"

"Namfukuza daktari. Mkwe atakuja likizo. Wilaya haileti daktari mahali penye daktari, na mimi nataka mtu baki."

Ukoo mzima ulimsindikiza njiani. Waliolia kwa uchungu zaidi ni wale wanawake waliokuwa wakimkimbia. Huko alikokwenda na Paskalina, Otmar hakuwa na mama mkwe hata mmoja, akawatibu mama wa watu wote.

Mihayo aliliosha donda mwenyewe kwa maji ya chumvi hadi pamba ilipovunwa. Ndipo wilaya ikamleta Mholanzi, Daktari Hendrik, kwa mkataba wa miaka miwili. Mama Paskalina alimfunulia paja siku ile ile, uso ukiwa wazi. Mholanzi akakata, akasafisha, akatikisa kichwa.

"Mguu utabaki," alisema, "lakini goti halitakunjika tena. Mmechelewa. Hamkuwa na daktari?"

"Tulikuwa naye," akasema Mihayo. "Ni mkwe wangu. Yuko Botswana."

"Aliwakimbia?"

"Tulimsindikiza."

Daktari Hendrik akaona Kiswahili kimempita, akaliinamia tena donda.

Alipomaliza, Esta, binti wa pili wa nyumba ile, akammiminia maji ya kunawa. Daktari akamwuliza jina lake, akalirudia vibaya, na wote wawili wakacheka. Mihayo aliwatazama. Akafikiri juu ya mkataba ule mfupi, akakohoa kama akohoavyo mtu mwenye shauri.

"Baba Paskalina," mkewe akaita kutoka kitandani.

"Naam."

"Kesho Esta anakwenda kwa shangazi yake Buseresere. Atakaa huko mpaka donda langu lifunge."

Asubuhi, lori la pamba liliposimama, Esta alipanda, na Mihayo ndiye aliyembebea sanduku.