Vani ya Opal Renfro

Mimi sijawahi kuuza gari hata moja, na naomba hilo lieleweke mapema. Kwa miaka kumi na tisa nimekaa chumba cha nyuma cha yadi ya Halbrook, hapa Toledo, nikishughulikia kadi za magari: gari lilikuwa la nani, sasa ni la nani, na benki gani inalidai. Wauzaji wako mbele, upande wa pili wa kioo. Nawaona kutwa nzima, na sijaona hata mmoja ambaye ningemwachia mkoba wangu nikienda chooni.

Gari jipya likishushwa kutoka kiwandani huwa na karatasi dirishani yenye bei. Hiyo imepangwa na kiwanda, na kila mtu anaweza kuisoma. Pembeni yake meneja wetu wa mauzo, Dwight Pruitt, hubandika karatasi ya pili aliyoichapa mwenyewe. Humo mna dola mia tatu za hewa maalumu ya matairi, na hewa yenyewe ni hii hii tunayoivuta bure. Mna dola mia tisa za kulinda rangi, yaani nta na kitambaa. Chini kabisa mna dola elfu mbili za "hali ya soko." Siku moja nilimuuliza Dwight hali ya soko ni kitu gani. Akajibu bila kuinua macho, "Ni mimi."

Mteja akiuliza bei, haambiwi bei. Anaulizwa, "Kwa mwezi ungependa kulipa kiasi gani?" Akishataja tu kiasi, kwisha habari yake, kwa sababu kiasi hicho hicho watampa, ila malipo watayavuta mpaka miaka saba, na yeye ataondoka akidhani ameshinda. Akibisha, muuzaji huinuka na kusema anakwenda kumbembeleza bosi. Haendi kwa bosi. Brody Kessler, mwenye miezi mitatu kazini na mafuta ya nywele ya kutosha kukaangia samaki, alikuwa anakuja chumbani kwangu. Anakula donati yangu, anacheza na simu dakika sita kamili, kisha anayafikicha macho mpaka yaive, anarudi mbele na kusema, "Mama, nimegombana na bosi kwa ajili yako. Sijui kama kesho nitakuwa na kazi." Na watu wazima, wenye nyumba na wajukuu, wanamwonea huruma.

Jumamosi moja ya Septemba aliingia Opal Renfro. Ni mpishi wa shule ya msingi, mwanamke mnene, mtulivu, asiyependa kupoteza maneno. Alikuja na vani yake ya zamani aliyokwisha kuilipia kitambo. Ilikuwa na ngazi ya bapa ya kupandishia kiti cha magurudumu, kwa sababu mara tatu kwa wiki humpeleka mdogo wake, Junie, hospitali kusafishwa damu. Gia zilikuwa zimeanza kuteleza, naye aliogopa isije ikamzimikia barabarani na mgonjwa ndani. Brody akamuuzia vani mpya. Ngazi, akamwahidi, mafundi wetu wangeifunga wiki inayofuata.

"Benki bado haijajibu," nilimsikia akimwambia, "lakini hilo ni jambo dogo. Nenda nayo nyumbani leo leo, mama. Hii ya zamani tuachie."

Hawafanyi hivyo kwa wema. Gari likilala uani kwako usiku mmoja, majirani wakaliona, kanisani ukasifiwa, kulirudisha ni aibu, na aibu ya mteja ndiyo mtaji wa Dwight. Katika zile karatasi alizosaini Opal, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi, mlikuwa na mstari usemao kwamba benki ikikataa, mkataba umevunjika na gari ni letu.

Jumatano Brody akampigia simu. "Mama, kuna karatasi moja tulisahau kukusainisha. Dakika mbili tu."

Alikuja baada ya kuwapa watoto chakula cha mchana, aproni bado iko kiunoni. Dwight akamketisha mwenyewe, akamletea kahawa, akavaa uso wa msibani. Benki ilikuwa imekataa, akasema. Lakini amehangaika usiku kucha, na imepatikana nyingine iliyo tayari, ila kila mwezi itabidi aongeze dola mia na arobaini.

Opal akaisukuma kahawa kando. "Siziwezi hizo. Vani yenu iko nje. Nipeni yangu, niende."

"Hapo ndipo penye shida," Dwight akasema. "Yako imeshauzwa. Ilikwenda mnadani Jumatatu."

"Mmeuza gari langu kabla ya benki kujibu?"

"Ndio utaratibu, mama."

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi mdogo wangu anatakiwa awe hospitali. Hakai siku tatu bila ile mashine. Hiyo vani yenu haina ngazi, nimekuwa nikimbeba mgongoni tangu Jumamosi."

"Ndiyo maana nakwambia saini," Dwight akasema kwa sauti ya upole kabisa. "Ukisaini sasa hivi, ngazi tunaifunga jioni hii."

Vani yake haikuwa imekwenda mnadani wala popote. Ilikuwa imeegeshwa nyuma ya banda la kuoshea magari, na kadi yake ilikuwa kwangu. Hakuna gari linaloondoka Halbrook bila kupita mkononi mwangu, na Dwight alilijua hilo vizuri.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo sijawahi kumsimulia mtu. Mteja akiwa mgumu, Dwight hubonyeza simu na kuniita. Mimi naja na miwani yangu, nimekumbatia faili, faili lolote lile. Dwight ananiuliza, "Verna, lile gari limeshaondoka?" Nami najibu, "Limeshaondoka." Basi. Neno moja, narudi kwenye kiti changu. Mtu asiyemwamini muuzaji humwamini mwanamke mwenye mvi aliyeshika faili. Halafu wanasaini, mara nyingi bila hata kusoma. Sikuwahi kupewa senti kwa kazi hiyo, na kwa sababu sikupewa senti nilijiambia mimi simo.

Siku ile simu ililia, nikainuka, nikachukua faili la bima ya moto ya jengo, nikaenda. Nisingependa kusema kwamba niliingiwa na huruma. Nilimwona Opal na aproni yake, nikasikia habari za Junie, na bado jibu langu lilikuwa mdomoni, lile lile la siku zote. Aliyeharibu mambo ni Brody. Alikuwa amesimama nyuma ya bosi wake, miguu imetanuka kama mwenye duka, akanipigia vidole kama anayeharakisha mbwa.

"Bibi, chapuka. Mama anasubiri."

Miezi mitatu kazini, na donati zangu tumboni mwake.

"Verna," Dwight akasema, "ile vani ya mama imeshaondoka, sivyo?"

"Haijaondoka," nikasema. "Iko nyuma, karibu na banda la kuoshea. Funguo ninazo mimi."

Dwight akacheka kidogo, akamgeukia Opal. "Msamehe, umri. Siku hizi anachanganya magari."

"Kadi yake iko kwenye droo yangu tangu Jumamosi, na jina lililomo ni Opal Mae Renfro," nikasema. "Nikizidi kuchanganya, naweza kuipeleka kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, anisaidie kuisoma."

Brody akayatazama viatu vyake vyenye ncha. Dwight alinikazia macho muda mrefu, nami nikaona anapiga hesabu ya kadi ngapi zimepita kwangu kwa miaka yote hiyo. Kisha akamwambia Opal, kwa sauti kavu, kwamba lazima palikuwa na makosa ya ofisi na anaweza kuchukua gari lake.

Nilimsindikiza mpaka nyuma ya banda. Naungama kwamba nilikuwa natembea kifua mbele. Nilihisi nimekuwa mtu, na nilikuwa nasubiri kushukuriwa. Nilikwisha kuandaa hata jibu la unyenyekevu. Opal alihamisha mto wa Junie na blanketi kutoka vani mpya. Akaishusha ngazi, akaikanyaga kwa mguu wote kuona kama bado imekaza, akaipandisha. Akaingia, akawasha, akasikiliza gia. Halafu akashusha kioo.

"Yule mwanamume alikuita uje kusema nini?"

Sikutegemea swali hilo. "Alitaka niseme imeuzwa."

"Alikuwa na hakika kwamba utasema."

"Ndiyo."

"Kwa sababu huwa unasema."

Nikaanza kumweleza habari za pensheni yangu, kwamba mimi siuzi magari, kwamba hata marupurupu sipati. Alinisubiri nimalize, jinsi anavyowasubiri watoto wanaodanganya kwamba hawajapata chakula.

"Dada," akasema, "wangapi kabla yangu?"

Ni arobaini na mmoja. Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa posta, na wa mwisho, mwezi Julai, alikuwa bibi harusi. Majina yao yote nayajua, maana ni mimi niliyeandika kadi.

"Sikumbuki," nikamwambia.

"Unakumbuka," akasema, akapandisha kioo, akaondoka.