Gredi ya Saba Haivuki Barabara

Hema lilikuwa limesimama tangu alfajiri, viti vya plastiki vimepangwa, na meza ya wageni imetandikwa kitambaa cheupe kilichotoka nyumbani kwa Mzee Ishak, mwenyekiti wa bodi ya shule. Mwalimu mkuu, Naliaka, aliitazama ile meza kwa jicho baya. Meza hiyo ilikuwa imemshinda miaka minne mfululizo.

Kila Januari, Shule ya Msingi ya Relini, mtaa wa Bondeni mjini Nakuru, huwaita wazazi waje kusikia habari za mwaka mpya. Na kila Januari, mwenye habari hizo hufikiwa wakati wasikilizaji wameshaondoka. Sababu ni itifaki. Pale Relini maneno hupanda ngazi: anaanza mdogo, anafuata aliyempita kidogo, na kila anayesimama husalimu, huitikiwa, husalimu tena kwa dini ya pili, halafu husimulia alivyokuja Nakuru na begi moja. Mwalimu mkuu akifikiwa, mama wa sokoni wamesharudi vibandani, wa saluni wamekumbuka vichwa walivyoviacha nusu, na wanaofanya kazi kwenye mashamba ya maua kule Naivasha wamekimbilia gari la zamu. Mwaka uliopita Naliaka alitangaza habari za vyoo vipya mbele ya nyanya wachache, wapishi wa shule, na kuku wa jirani aliyekuwa akidonoa chini ya meza.

Mwaka huu hakuwa na nafasi ya kuhutubia kuku.

Afisa wa elimu, Bi. Jepkorir, alikuwa anakuja na jambo moja tu. Palikuwa na shauri la kuihamisha Gredi ya Saba ya Relini ipelekwe shule kubwa iliyo ng'ambo ya barabara kuu ya Nairobi, kwa kuwa Relini haina maabara na wazazi wenyewe wanawatoa watoto. Afisa alitaka kusikia kwa vinywa vya wazazi. Wakiinua mikono wengi, darasa linabaki. Wakiwa wachache, lori litakuja Jumatatu kubeba madawati.

Naliaka aliijua barabara ile. Aliwahi kupiga magoti kwenye lami yake, ameshika kichwa cha mtoto wa shule aliyegongwa na gari, huku malori ya kwenda Uganda yakipita bila kupunguza mwendo. Mtoto alipona, lakini anachechemea mpaka leo. Basi tangu aliposikia neno lori, Naliaka alikuwa anatembea na moto kifuani.

Cha kumuuma zaidi ni kwamba maabara ilikuwepo. Ilijengwa Desemba, wakati nusu ya Bondeni ilikuwa ushago, vijijini kwao, wengine Bungoma, wengine Siaya, wanakula Krismasi. Waliobaki mjini, hasa vijana wa msikitini na walimu wachache, waliisafisha stoo ya zamani ya shule, wakavuta bomba, wakaweka sinki na meza. Halafu Mzee Ishak akafanya kosa ambalo ni yeye tu angelifanya. Alibandika magazeti kwenye madirisha, akafunga kufuli, akafunga na utepe mwekundu, akamkataza kila mtu kusema neno mpaka siku ya mkutano. Habari rasmi, alisema, hutolewa rasmi. Uvumi haukungoja urasmi. Watu waliporudi kutoka ushago walikuta mlango umefungwa, wakaambizana kwamba Gredi ya Saba imeshahamishwa, na wengi wakawaweka watoto nyumbani.

"Mzee, nipe dakika za mwanzo," Naliaka alimwomba asubuhi hiyo, wamesimama nyuma ya hema. "Niseme kabla hawajaanza kuondoka."

Mzee Ishak aliweka kofia yake sawa. "Mwalimu wangu, wewe ni mkuu. Mkuu akitangulia, hawa wadogo watasema baada yake kama kina nani? Utakuwa umewavunjia heshima. Mimi niko na bodi hii tangu ndevu hizi zikiwa nyeusi. Tunaanzia chini, tunapanda."

"Chini kabisa ni nani?"

"Mwalimu wa gredi ya kwanza. Hilo unalijua."

Naliaka alipangusa chaki kwenye sketi yake, akaenda zake kumpokea mgeni.

Watu walijaa, hilo mtu asikatae. Uvumi ulikuwa umewavuta kuliko mwaliko wowote. Palikuwa na sala ya kanisa na dua ya msikiti, kisha Mzee Ishak akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Kwa itifaki yetu, ambayo haijawahi kuvunjwa, tunaanzia chini. Mwalimu wa gredi ya kwanza, simama uwasalimu wazazi."

Naliaka aliinuka kwenye meza ya wageni. Akazunguka mbele, mgongo umenyooka, akanyoosha mkono apewe maikrofoni.

Mzee Ishak alikifunika kifaa kwa kiganja, lakini hakukifunika vizuri. "Mwalimu, zamu yako bado." Sauti ikasikika mpaka getini.

"Ndiyo zamu yangu, Mzee. Mwalimu wa gredi ya kwanza amejifungua, yuko likizo. Tangu shule ifunguliwe, gredi ya kwanza naifundisha mimi."

"Lakini wewe ni mkuu."

"Mkuu nitakuwa baadaye, ukiniita. Saa hii mimi ndiye wa chini kabisa."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Yurub, mama wa maziwa, ambaye hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno Bondeni nzima, alijipepea kwa ncha ya mtandio. "Mpe, Mzee. Sheria ni yako, hakuna mtu amekuwekea."

Bi. Jepkorir aliinamia simu yake kuficha uso. Mzee Ishak alitazama kulia, akatazama kushoto, akatafuta kwenye kichwa chake kifungu cha itifaki cha kumwokoa, akakikosa. Akaachilia maikrofoni.

"Wazazi, siwaulizi kama mmeamka salama," Naliaka alianza. "Nawaona mmeamka. Najua mna kazi, kwa hivyo nisikilizeni. Maji yanatoka bombani kila siku sasa, mtoto asibebe tena kibuyu kutoka nyumbani. Gredi ya kwanza imejaa, tena wanapiga kelele kuwashinda ninyi. Mwalimu wa muziki tuliyeahidiwa hajafika, na sitawadanganya kwamba atafika kesho. Sasa nakuja kwa Gredi ya Saba."

"Hapo ndipo tunangoja, Madam," sauti nzito ilikata katikati. Alikuwa Ogola, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mrefu aliyezoea kusema juu ya kelele za mashine, na hata pasipo mashine alisema vivyo hivyo. "Tueleze. Hiyo maabara tumeambiwa tangu mwaka juzi. Maabara ya mdomo."

Watu wakacheka. Wengine wakapiga makofi.

"Ogola, Natasha wako yuko wapi leo?"

"Yuko nyumbani. Anangoja shule ya maana."

Lile neno lilimpiga Naliaka mahali ambapo hakuwa amejikinga. Natasha alikuwa msichana wa kwanza darasani tangu gredi ya nne, mtoto wa kuuliza kwa nini mpaka mwalimu akae chini. Naliaka alihisi maneno makali yakipanda kooni, na alikuwa nayo mengi. Akayameza. Akaizima maikrofoni na kuiweka juu ya kitambaa cheupe.

"Inukeni," alisema kwa sauti yake mwenyewe, na haikuhitaji kipaza sauti. "Twende tukauone huo mdomo."

"Mwalimu, watu hawajasalimu," Mzee Ishak alilalamika.

"Watasalimiana njiani, Mzee. Ufunguo uko nawe?"

Bi. Jepkorir ndiye aliyetangulia kusimama. Baada yake viti vilikwaruza chini, na mkutano mzima ukainuka, akina mama na watoto mgongoni, wanaume wakijifanya hawana haraka, wote wakimfuata Naliaka kwenye varanda ya madarasa mpaka mwisho. Pale palikuwa na mlango wa samawati, rangi yake bado inang'aa, na utepe umekatiza.

Mzee Ishak alifungua kufuli polepole, uso wake umejaa huzuni ya mtu aliyeharibiwa arusi. Alitoa mkasi mfukoni mwa kanzu, akamkabidhi afisa kwa mikono miwili.

"Mimi sina mtoto hapa," Bi. Jepkorir alisema. "Akate mwenye mtoto."

Naliaka aliuchukua mkasi na kumnyoshea Ogola.

"Mimi?" Ogola aligeuka nyuma kana kwamba kuna Ogola mwingine.

"Wewe umesema ni mdomo. Ufungue."

"Kata, boss," Yurub alimchokoza. "Ama mkasi ni mzito kuliko nyundo?"

Ogola akakata. Mlango ukafunguka, na waliokuwa mbele wakasimama ghafla hata wa nyuma wakawagonga. Meza ndefu zilikuwa zimepigwa vanishi. Sinki zilipangwa ukutani, kila moja na bomba lake. Palikuwa na majiko madogo ya gesi, chupa za vioo ndani ya kabati, na ubao mpya ambao mwalimu wa sayansi, Khisa, alikuwa amechora juu yake moyo wa binadamu kwa chaki za rangi. Mama mmoja alifungua bomba, maji yakaruka, akalifunga haraka akitazama huku na huku. Mwenzake akalifungua tena.

Ogola hakugusa bomba. Alikuwa ameona stuli. Kila stuli ilikuwa na jina la mtoto limeandikwa kwa rangi nyeupe, jina la kila mtoto wa Gredi ya Saba, wanaokuja na walioachwa nyumbani. Alipita akisoma, midomo ikicheza bila sauti. Hadiya. Quincy. Sufyan. Karibu na dirisha akasimama.

Akaipindua ile stuli yenye jina la Natasha, akaikagua miguu, akapitisha kidole gumba kwenye kiungo.

"Nani alichomelea hii?"

"Vijana wa msikitini," Naliaka alijibu.

"Wameharibu. Hapa na hapa pataachia kabla ya Pasaka." Aliirudisha chini taratibu. "Nitazirudia zote. Jumamosi. Wale vijana wawepo, niwaonyeshe vile chuma kinashikwa."

"Kwa hivyo unasema nini, Ogola?"

"Si nimesema?"

"Hujasema," Yurub alipaza sauti kutoka mlangoni. "Umeongea tu kuhusu vyuma."

Ogola alivuta pumzi. Alimtazama Naliaka usoni, na macho yake hayakuwa na mzaha tena. "Madam, nilisema shule ya maana. Nimeliondoa hilo neno. Lakini mngetuambia. Mimi nimekaa wiki mbili nikitafuta shule, na kitu kiko hapa kimefunikwa magazeti."

"Ni kweli," Naliaka alisema. "Kwa hilo nyinyi ndio mko sawa. Haitatokea tena."

Mzee Ishak alikohoa, akatazama dari.

Bi. Jepkorir alipanda juu ya jukwaa dogo la mwalimu. Hakusalimu. "Wazazi, nimetumwa swali moja. Anayetaka Gredi ya Saba ibaki hapa Relini, ainue mkono."

Mkono wa Ogola ndio uliotangulia, mkubwa, wenye makovu ya moto. Ikainuka ya akina mama, ya nyanya, ya vijana waliokuja kuwakilisha wazazi. Nje, ambao hawakuenea ndani waliyapasua yale magazeti na kuingiza mikono madirishani, mikono ya watu wasioonekana vichwa, mingine bado imeshika mabunda ya sukuma wiki. Afisa alianza kuhesabu, akafika katikati, akaacha. Alitoa simu.

"Hilo lori la Jumatatu," alisema kwenye simu, watu wote wakimsikiliza, "lisije. Nimesema lisije. Hakuna dawati linatoka hapa."

Vigelegele vilivyopigwa pale viliwatoa nje wenye maduka upande wa pili wa ukuta. Mtu alianzisha wimbo wa kanisani, mwingine akaupokea kwa ngoma ya sinki, na Yurub, ambaye hakuujua, aliuimba kwa nguvu kuliko wote. Naliaka aliegemea ubao. Alikuwa amejiandaa kwa vita vya siku nzima, na sasa hakuwa na wa kupigana naye.

Ogola alikuwa ameshika simu sikioni, kidole kwenye sikio la pili. "Natasha, vaa yunifomu. Ndiyo, ya Relini. Nilisema nini? Sahau nilichosema. Pitia ndani ya mtaa, barabara kuu usiikaribie. Kimbia."

Wengine nao wakatoa simu zao. Kabla wimbo haujaisha, watoto walikuwa wanaingia getini mmoja mmoja, mashati nje, soksi mkononi. Natasha alifika akihema, akasimama mlangoni, akaliona jina lake. Hakuuliza kwa nini. Alienda moja kwa moja akakaa, akaweka viganja vyote viwili juu ya meza iliyopigwa vanishi.

Khisa alichukua chaki. Naliaka aliwageukia wazazi na kuwafukuza nje kwa mikono, kama mtu anayefagia. "Tokeni. Haya, tokeni, watoto wasome. Wewe pia, Ogola."

"Natoka, Madam. Naangalia tu vile amekaa."

Naliaka akamfungia mlango usoni, taratibu, na kutoka ndani Ogola akamsikia Natasha ameshaanza kuuliza kwa nini.