Sindano ya Heriberto

Mlangoni kwangu pana kibao: HAPA TUNADUNGA SINDANO. Mtaa wetu mzima hapa Torreón, Mexico, umenifunulia makalio, kuanzia padri hadi mwenye bucha, na sijawahi kumwachia mtu jipu. Kwa hiyo daktari alipomwandikia mume wangu Heriberto sindano za homoni ya kiume kila wiki mbili, pamoja na mlo wa kujinyima, nani amdunge kama si mimi?

Alikuwa na kilo mia na arobaini. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na tisa na sina mtoto. Siku ile aliporudi kutoka kliniki aliniambia unene ndio uliomshusha homoni, ukimtoka tu nitashika mimba. Nikamwamini, mjinga mimi. Homoni ya kiume ikiongezeka, mtu si ndiyo anazidi kuwa mwanamume? Mtaani kwetu yeyote angekujibu hivyo.

Miezi minane nilimpimia kuku kwa gramu. Nilimchemshia maboga bila chumvi, tortilla, zile chapati zetu za mahindi, nikazificha asizione, na chakula changu nikala nimesimama jikoni ili asitamani. Kila Jumamosi ya sindano niliipasha chupa kwapani, maana ile dawa ni nzito, ya mafuta, nikaisukuma polepole isimuume. Kitambi kikaporomoka, mikono ikajaa. Bwana mkubwa akaanza kununua mashati ya kubana na kujitazama kwenye kioo cha duka la mikate. Na kila mwezi mimi nilisubiri, na kila mwezi nikaona damu.

"Subira, Obdulia," aliniambia mara moja, huku akijipapasa kifua. "Labda tatizo ni lako."

Jumatano iliyopita nilikwenda kliniki kumchukulia dawa, yeye akiwa kazini. Muuguzi akanipa fomu mpya nimpelekee Heriberto aisaini, na ile ya zamani imebanwa nyuma yake. Nikaisoma palepale. Iliandikwa kwamba mgonjwa ameelezwa kuwa dawa hii huzima mbegu za uzazi, na kwamba hana mpango wa kupata mtoto. Chini yake, sahihi ya Heriberto. Muuguzi akaniambia kwa upole kwamba wanaotaka watoto hupewa dawa nyingine, na kwamba mume wangu aliulizwa.

Aliulizwa, akakataa, kisha akaja kujilaza kifudifudi mbele yangu nimdunge. Mara kumi na saba, kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimchukia hadi meno yakaniuma.

Jumamosi akajilaza kama kawaida, suruali magotini. Nikaiweka fomu juu ya mto, mbele ya pua yake. Akaisoma hadi kwenye sahihi yake. Kisha akaanza: eti alitaka kuniambia, eti alichoka kuitwa nguruwe kazini, hawezi kurudia unene ule, mtoto angekuja baadaye.

"Baadaye ya nani?" nikamwuliza. "Mwezi ujao natimiza arobaini."

Alipandisha suruali, akakaa kitandani, akaitazama chupa mkononi mwangu.

"Sasa sindano nani atanidunga?"

Hicho ndicho alichoona cha kuniuliza. Nikaimwaga dawa yote kwenye sinki huku ananitazama. Kisha nikawasha jiko, nikakaanga ngozi ya nguruwe, nikazitoa tortilla zangu mafichoni, nikala nimekaa.