Jogoo wa Mama Clotilde

Jumanne saa nne asubuhi Nakiru aliegesha pikipiki ya mradi wa kuku mbele ya nyumba ya Mama Clotilde, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akasalimia, akaelezwa kwamba jogoo anataga.

"Yai moja kila siku, madamu," alisema Mama Clotilde. "Amelalia kumi, siku makumi mbili na moja. Hakuna hata kifaranga kimoja kimetoka."

"Huyo ni mpole kushinda bwana yangu," alisema jirani, Nyamal, akipepeta mtama. "Anataga na hagombani."

Jogoo alikuwa ndani ya karai, kilemba kimemlalia jichoni. Alisogea kidogo kuwapisha.

Miezi minne nyuma, Nakiru ndiye aliyewagawia akina mama thelathini kuku wa mradi, mmoja mmoja, wangali wadogo. Alikuwa ameona vizuri: vilemba vyekundu, miguu minene, manyoya ya shingo yaliyochongoka. Majogoo watupu. Lakini mpiga picha alikuwa tayari, bosi wa ofisi ya Lodwar amesimama kando, na hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo. Alisema, "Wote ni majike." Mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa mwezi huo, na Mama Clotilde alipiga makofi kwa ajili ya wajukuu wake wanne.

Nakiru alichukua yai, akaingia ndani penye giza, akalimulika kwa tochi ya simu. Yai lenye mbegu huonyesha mishipa myekundu, kama miguu ya buibui. Hili lilimwonyesha yeye mwenyewe, kavaa fulana ya mradi, akisema neno lile. La pili pia. Mama Clotilde, aliyemwinamia begani, aliyatazama yote kumi bila haraka.

"Ni wewe."

"Ni mimi, mama. Nilijua."

Mama Clotilde akachukua yai jingine, bado lina joto.

"Hili la leo linalika?"

"Linalika."

Mama Clotilde alilikaanga, akalitia chumvi, akampa mgeni kiti chenye mgongo. Nakiru alilimaliza, macho sahanini.

Aliporudi Lodwar aliandika ukweli wote, kurasa tatu, akaomba majike thelathini. Bosi alisoma akiwa amesimama.

"Kila jogoo anataga mayai mangapi kwa wiki?"

"Saba."

Bosi alichana kurasa mbili, akabakiza ile yenye saba.

Ijumaa lori la majogoo mia mbili liliondoka kwenda kuwagawa Lokori. Nakiru alikaa mbele, kando ya dereva. Njiani wanawake waliwapungia mikono, na yeye akamwitikia kila mmoja "njema" ya Kiturkana, "Ejok."