Zamu ya Ishirini na Nne

Harufu ya kitambaa kinachoungua ndiyo iliyomwamsha. Mutindi alizinduka akakuta pindo la leso yake limeshika moto, uji umemwagikia mafiga, na yeye mwenyewe ameegemea ukuta wa jiko, mwiko bado uko mkononi. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya kijiji cha Marungu. Alikuwa amelala huku akikoroga uji.

"Mama Elly, utajiua," alisema Mable, jirani yake, akimmwagia maji miguuni. "Ni siku ngapi sasa?"

"Ishirini na tatu."

Kwa siku ishirini na tatu, usiku kucha, alikuwa akizunguka shamba lake la ndengu akigonga bati na kuchoma pilipili kavu ili moshi uwafukuze ndovu wanaotoka mbugani. Msimu uliopita walimaliza kila kitu kwa usiku mmoja. Msimu wa kabla ya huo, vivyo hivyo. Zamani mumewe, marehemu Wambua, ndiye aliyelinda. Tangu azikwe, Mutindi alilishika bati mwenyewe na hakumwomba mtu msaada. Mwanawe Elly alipompigia simu kutoka Mombasa, akimsihi auze shamba ahamie kwake, alimjibu, "Mikono ninayo." Na kweli alikuwa nayo. Akiwa na miaka sitini na mmoja alililima shamba lote kwa jembe, peke yake, mistari ikanyooka hadi wapita njia wakawa wanasimama kuitazama.

Siku hiyo alishinda shambani. Maganda yalikuwa yamegeuka meusi. Kesho yangekuwa tayari kuchumwa. Alijaribu kufunga mkebe wa kuwatisha ndovu kwenye waya wa ua, vidole vikakataa. Akajaribu tena. Mkebe ukaanguka, na alipoinama kuuokota akashindwa kuinuka, akakaa chini kati ya ndengu zake kama mtoto. Akacheka kidogo. Kisha akalia.

Kila jioni alikuwa akiomba ombi lile lile: Mungu, nipe nguvu nisilale. Sasa, akiwa amekaa pale mchangani, aliona aibu kwa maombi hayo. Alikuwa amemfanya Mungu kibarua wa kumletea kuni tu, halafu mlinzi awe yeye Mutindi.

"Baba," alisema kwa sauti, "mikono hii imeisha. Hakuna kitu kimebaki. Wewe huchoki. Leo linda wewe, mimi nalala. Wakila, wamekula vyako."

Mable alipopita jioni alimkuta akitandika kitanda, na jua halijazama.

"Unalala? Mume wangu Fanuel analinda upande wetu tu, hawezi kukimbia mpaka huku! Na ndovu wako hapo mtoni tangu mchana."

"Najua."

"Huogopi?"

"Naogopa sana." Mutindi alivua viatu, akavipanga kando ya kitanda. "Lakini nimemwachia mwenyewe."

Akalala. Hakuota chochote.

Alipofungua mlango kumekucha, Fanuel alikuwa amesimama nje, sauti imemkauka.

"Walikuja saba, Mama Elly. Nilipiga bati mpaka likapasuka. Nilikuita! Waliingia kwa chini kule, wakaponda mistari kadhaa, wakasimama kitambo kizima. Nikasema basi, kwisha. Halafu yule mkubwa akageuka, wengine wakamfuata. Kwa nini, sijui. Hukusikia?"

"Sikusikia kitu. Nililala."

Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja cheo chake.

Walishuka pamoja. Mistari minne ya upande wa mtoni ilikuwa imelalia udongo, imepondwa, haina hata ganda moja la kuokota. Mutindi aliitazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa polepole. Kisha akainua macho. Kule juu ndengu zake zilikuwa zimesimama, nyeusi, nzito, zimelowa umande, mstari baada ya mstari mpaka kwenye ua.

"Nimwite Mable tukusaidie kuvuna?" Fanuel aliuliza kwa wasiwasi, maana alishawahi kuuliza hivyo na akakataliwa.

"Mwite. Waite na wengine pia. Ni nyingi."

Fanuel alipoondoka, Mutindi alichukua kikapu akaenda hadi pale walipogeukia. Unyayo wa yule mkubwa ulikuwa umebonyea udongoni, mpana kama karai. Aliingia ndani yake, miguu yote miwili ikaenea. Akanyoosha mgongo, akaanza kuchuma.